Mstari Mweusi Chini ya Jiwe la Mama

Jino langu la mbele, hili la juu upande wa kushoto, lilivunjikia ukweni, Bunda, siku nilipopelekwa kutambulishwa. Naanza na jino kwa sababu kila anayekaa na mimi huuliza limeendaga wapi, na mimi huwa nadanganya. Nasemaga nilipigwa pembe na dume la ng'ombe. Siyo kweli. Lilivunjwa na ugali.

Tulikuwa wanaume sita kwenye sebule ya baba mkwe. Mimi nimekaa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, suruali ya kuazima imenibana tumboni. Mkwe mpya anatazamwa kila kitu, anavyonawa, anavyomega, anavyomeza. Akiacha chakula wanasema amedharau. Akila sana wanasema huyu atamla na binti yetu. Basi nikamega tonge, nikachovya kwenye mchuzi wa sato, nikatafuna. Nikasikia mlio ndani ya kichwa changu, kah! Ulimi ukaenda kutazama, ukakuta pengo.

Nifanyeje sasa? Niteme mbele ya wakwe? Nikameza. Nililimeza jino langu mwenyewe pamoja na damu yake, halafu nikatabasamu nimefunga mdomo.

"Mbona shemeji hacheki?" kaka wa mchumba wangu akauliza. "Au mboga yetu haina chumvi?"

Nikatikisa kichwa.

"Jamani, tumeletewa bubu!"

"Afadhali bubu," mwingine akasema. "Hatamtukana dada yetu."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka kwa pua. Mpaka leo mke wangu akikasirika ananiita bubu, ndiyo ilianzia hapo.

Lakini cha ajabu ni hiki. Ugali ule haukuwa wa unga wao. Ulikuwa unga wetu, mtama tuliokuja nao asubuhi kwenye debe, mama yangu aliusaga kwa mikono yake kuwa zawadi. Kwa hiyo sikuwa na mtu wa kumlaumu. Nilivunjwa jino na kwetu.

Niliporudi nyumbani nikamwambia mama. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akachukua unga uliobaki, akautandaza kwenye ungo, akaupeta. Unga ukasogea, pumba zikaruka, na kwenye ukingo wa ungo zikabaki punje ndogo nyeusi, ndogo kama macho ya dagaa. Akaziokota kwa ncha ya kidole alicholowesha kwa mate.

"Hizi hazipepeteki," akasema. "Unarusha, zenyewe zinakaa. Zinatoka kwenye jiwe langu. Mara ya pili nitapeta vizuri."

Mimi nikajibu kwamba jino halina mara ya pili. Yakaisha. Sikujua kama punje zile zingekuja kunichukulia kitu kikubwa kuliko jino.

Kwetu ni upande wa Butiama, kwenye mteremko, mahali ambapo ziwa unaliona kwa mbali linang'aa kama bati jipya, lakini ukitaka kulifikia kwa miguu jua linakupiga mpaka unajuta. Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe na mtama, siyo watu wa samaki. Nyuma ya zizi kulikuwa na mwamba umetokeza, siyo kama mawe makubwa ya mviringo yaliyojaa Musoma, hapana. Huu ulikuwa umelala umetandaza, rangi ya ngozi ya simba, na ukiuvunja unaona mistari mieusi imelala ndani, mstari, halafu mchanga, halafu mstari, kama mtu aliyepanga mikeka. Ukisugua kwa kidole, unapukutika mchanga. Tata yetu, marehemu baba, alisema ni mwamba mvivu, hata nyumba haufai kujengea.

Mama ndiye aliuona unafaa. Alipoolewa pale hakukuta jiwe la kusagia, la mama mkwe wake lilikuwa limekwenda naye kaburini. Basi alikwenda mwenyewe nyuma ya zizi na tindo na nyundo ya kuazima, mwanamke ana mimba ya dada yetu, akachonga siku tatu. Akatoa kipande cha urefu wa mkono, kizito kuliko ukubwa wake. Wanawake wanne walikibeba na walipumzika njiani, na njia yenyewe ni kutoka zizini kuja jikoni! Watu walishangaa uzito ule. Hakuna aliyeuliza sababu. Mtu akiwa na njaa ya ugali haulizi jiwe lina uzito gani.

Juu ya jiwe lile tulikulia watoto wote watatu. Dada mkubwa alisagia pale tangu akiwa na miaka ya kupiga magoti, mikono yake ina sugu za jiwe lile mpaka leo, na meno yote ya kucheka nayo bado anayo. Mimi ni wa pili. Halafu mdogo wangu, mtoto wa mwisho, aliyekuwa analala mgongoni mwa mama wakati anasaga, kichwa kinaenda mbele kinarudi nyuma. Nadhani ndiyo maana hakujua kutulia.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, nikaenda Musoma, nikabeba samaki Makoko, baadaye nikajifunza kutengeneza baiskeli, nikajenga Bweri chumba kimoja kimoja. Sasa hivi baiskeli zimebaki za wazee wenzangu, vijana wote wako kwenye bodaboda, lakini bado nina kibao changu na pampu yangu. Mdogo wangu yeye alifuata dhahabu. Palipotokea rashi, watu wakikimbilia dhahabu mpya, yupo. Aliishi kwenye maturubai, akachimba, akazeeka huko huko, mvi zimemkuta na karai mkononi. Karai lile la bati alikuwa analizungusha kwenye maji hata akiwa anaongea na wewe, anazungusha, anamwaga, anazungusha, mpaka chini unabaki mchanga mweusi kidogo. Halafu anatoa sumaku, ile ya duara inayotolewa kwenye spika ya redio mbovu, ameifunga kwenye kitambaa, anapitisha juu. Mchanga mweusi unaruka wenyewe unakwenda kwenye sumaku unasimama kama nywele za mtu aliyeogopa. Anachotafuta ni kile kinachobaki chini.

Nataka mnielewe hapo, kwa sababu ndipo kosa lilipotokea. Kwa waosha dhahabu wa huku kwetu, mchanga mweusi ndiyo habari njema. Ukiuona kwenye karai, unajua uko njiani. Usipouona, unahama. Hawajui kitu kingine kinachoweza kuuleta mchanga ule isipokuwa dhahabu. Wanaufuata kama mbwa anavyofuata damu.

Miaka michache iliyopita mama akafa. Alikuwa mzee sana, alikuwa anatuchanganya majina, lakini mikono yake ikikaa bure ilikuwa inakwenda mbele na kurudi nyuma juu ya magoti, inasaga hewa. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na mwamba.

Sasa, kwetu, sijui kwa wengine, mama akifa jiwe lake la kusagia linageuzwa. Ule upande ulioliwa, wenye shimo, unatazama chini. Linawekwa kaburini upande wa kichwa. Maana yake kazi imekwisha, asiitwe tena na mtu mwenye njaa. Na halisogezwi mpaka siku ya kujengea kaburi, ukoo wote unakuja, linashikwa na saruji. Anayeliondoa kabla ya hapo hana mji tena, anafukuzwa nyumbani. Na wa kumtamkia ni mtoto wa kwanza wa kiume. Anasimama mbele ya watu anasema: "Hapa siyo kwenu." Maneno hayo tu. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu ametamkiwa. Na wa kutamka kwa mama yetu ni mimi.

Siku ya mazishi wanaume wakageuza jiwe. Tangu mama alichonge, tumbo lake lilikuwa halijaona jua. Wakalilaza, wakapangusa udongo, na mimi nikaona mstari mweusi umepita katikati, unene wa vidole vinne, unametameta.

Mdogo wangu alikuwa amesimama kando yangu. Alikuwa analia kweli kweli, machozi yanaingia kwenye ndevu. Ghafla kilio kikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Jioni, watu wanakunywa uji, alinivuta nyuma ya zizi.

"Kaka, umeuona?"

"Nimeona nini?"

"Usinifanye mtoto. Mstari. Nimepitisha sumaku, nimekwangua kidogo kwa kisu. Unasimama, kaka. Unasimama kama msitu!"

"Mura," nikamwita, ndivyo kwetu tunavyomwita kijana, "tumemzika mama leo."

"Najua tumemzika mama leo. Nani alirudi akawa anamfukuzia nzi miaka yake miwili ya mwisho, si mimi? Nachukua kipande cha pembeni tu. Kama ukucha. Nikapime."

Hapa nitasema ukweli, kwa sababu nimeshadanganya sana habari ya jino. Sikumkataza. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Nilikuwa nawaza bati za nyumba yangu ya Bweri. Nikamwambia hivi, namsikia mpaka leo huyo mtu aliyesema, na ni mimi: "Mimi sijaona wala sijasikia. Lakini ukikuta kitu, tuko wawili."

"Tuko wawili," akasema. Tukashikana mikono. Kesho yake nikapanda gari nikarudi kwenye baiskeli zangu.

Miezi ikapita. Nikawa nampigia simu, anasema bado, anasema subiri, halafu ikawa simu haipatikani. Mimi nikajua ile ya ukucha haikuwa na kitu, nikasahau. Ndipo dada akapiga kutoka Bunda, alikoolewa. Alisema amekwishasema na ukoo, saruji imepatikana, Jumamosi ya wiki ijayo tunajengea kaburi la mama, nitangulie kufagia.

Nikatangulia. Nilishuka kwenye bodaboda barabarani, nikapanda mteremko na mfuko wangu, nikapitia kaburini kwanza nimsalimie mama kabla sijatua mzigo.

Jiwe halikuwepo.

Pale palipokuwa na jiwe palikuwa na alama ya udongo mwekundu, shimo dogo la umbo la mtumbwi, na sisimizi wanapita ndani yake hawana habari. Nilikaa chini na mfuko wangu bado begani. Nilikuwa nawaza mambo ya ajabu, eti labda mama amelichukua mwenyewe, amechoka kukaa bure.

Mdogo wangu nilimkuta mbele ya nyumba, yuko kwenye beseni la maji, anazungusha karai.

"Liko wapi?"

Hakuuliza nini. Akaendelea kuzungusha.

"Nimekuuliza, mura. Jiwe la mama liko wapi?"

Akaingia ndani, akatoka na kopo la rangi, lile la lita nne, amelishika kwa mikono miwili kwa jinsi lilivyo zito. Akaliweka miguuni kwangu. Ndani mlikuwa na unga mweusi, umejaa mpaka shingoni, unametameta.

"Hili hapa," akasema.

Akanisimulia yote. Alilipeleka kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Alilifunga nyuma ya pikipiki, likapasua tairi, wakaweka tairi nyingine, wakaenda. Jiwe lililosaga unga miaka yote ile, akalitia kwenye mashine likasagwa likawa unga. Halafu akaosha. Aliosha wiki nzima, mchanga mweupe ukaenda na maji, ukabaki huu. Akapitisha sumaku. Mwingine ukanyanyuka, mwingine ukakataa, hapo akafurahi, akasema uliokataa ndiyo penyewe. Akatia zebaki. Zebaki haikushika kitu.

"Hata punje, kaka. Hata ya kubandika kwenye ukucha."

"Ulisema kipande cha pembeni!"

"Cha pembeni kilikuwa cheusi zaidi. Nikaona nikikata tu nitaharibu. Kaka, wewe hujawahi kuosha, hujui. Mweusi mwingi namna hii sijawahi kuona tangu nizaliwe. Nilijua nimekuta mlango wenyewe. Nikasema kabla hawajaja kujengea, nitakuwa nimenunua jiwe zuri, la marumaru, lina jina la mama, na hakuna atakayeuliza."

"Dada atauliza."

Akayatazama maji.

"Utanitamkia?" akauliza. Mtu mzima, ana mvi, amekaa kwenye kigoda, anauliza kama ameiba sukari.

Nikaona aibu, maana aliyesema tuko wawili ni mimi. Nikamwambia lete tindo.

Hiyo ndiyo akili tuliyoipata, wazee wawili. Mwamba si upo? Mama alichonga jiwe lake hapo hapo. Tutachonga lingine, la urefu ule ule, lenye mstari ule ule, tulilaze tumbo juu, lishikwe na saruji. Nani atajua?

Asubuhi tukaanza kugonga. Mama alichonga siku tatu ana mimba, sisi siku ya pili tulikuwa tumepumua zaidi kuliko tulivyogonga. Ndipo tukasikia sauti nyuma yetu.

"Shikamooni wazee wangu. Samahani, msiuvunje huo upande, naomba."

Alikuwa binti amevaa kofia pana na buti, ana nyundo ndogo kiunoni, begi limejaa mawe mgongoni. Alikuwa na mtendaji wa kijiji, ambaye alikaa kivulini akaanza kucheza na simu. Binti akasema kazi yake ni kuchora ramani ya mawe. Mdogo wangu akacheka, akamwuliza mawe yanapotea njia mpaka yachorewe ramani? Binti naye akacheka. Akapiga magoti mbele ya mwamba wetu mvivu, akatoa kioo kidogo akakiweka jichoni, akainama karibu alibusu jiwe. Kisha akatoa sumaku yake, imefungwa kwenye kalamu.

"Ee, na wewe unayo!" mdogo wangu akasema, akatoa ya spika. Wakawekeana mbele ya mwamba kama watoto wanaolinganisha gololi. Nilimwona mdogo wangu ana furaha, nikafurahi na mimi, Mungu anisamehe.

"Binti yangu, niambie wewe uliyesoma," akasema. "Dhahabu iko chini ya mstari au juu ya mstari?"

"Baba, hakuna dhahabu hapa. Huu ni ufukwe."

"Ni nini?"

"Ufukwe. Maji yalikuwa yanafika hapa. Zamani sana, kabla ya watu. Mawimbi yalikuwa yanapiga hapa mlipopiga magoti."

Tukamtazama. Mdogo wangu akageuka akatazama ziwa kule mbali chini, halafu akatazama mwamba, halafu ziwa tena, kama mtu aliyeambiwa baba yake siyo baba yake. Mama yangu alibeba maji kichwani miaka yote ya maisha yake kwenye mteremko huu, anatua mtungi hapa hapa apumzike, juu ya mawimbi! Tunalalamikia ukame tumekalia ufukwe!

"Na mweusi?" mdogo wangu akauliza. Sauti ilikuwa imepungua.

"Mweusi ni mchanga mzito. Wimbi linakuja na kila kitu, likirudi linachukua chepesi, kizito kinabaki. Linarudia hivyo hivyo. Una chuma ndani, una titani, na vijiwe vigumu, zikoni na ganeti hizi nyekundu nyekundu, ukitazama na kioo utaziona. Baadaye mchanga ukafunikwa, ukakaza, ukawa jiwe. Kila mstari ni wakati ambao mawimbi yalipepeta sana."

Neno hilo, kupepeta, alilisema mwenyewe, sikumtia mdomoni. Nikaona ungo wa mama, na kidole chake chenye mate, na punje zangu za Bunda. Hizi hazipepeteki, unarusha, zenyewe zinakaa. Mama alilijua jiwe lile kuliko sisi wawili na sumaku yetu.

"Lakini dhahabu nayo ni nzito," mdogo wangu akasema. Alikuwa anaomba, siyo anauliza. "Ingebaki. Si ingebaki?"

"Ingebaki kama wimbi lingeikuta, baba. Nimepima mwamba huu kuanzia kule bondeni. Haikuikuta. Hata hivyo pima tena, mimi siyo Mungu."

"Nimeshapima," akasema.

Binti akavunja kipande cha mwamba cha kwenda kupima, akakifunga kwenye mfuko, akaaga. Alituambia tukitaka kuvunja tuvunjie upande wa pili, huu wa mistari ni mzuri kusomea. Mdogo wangu alikaa pale pale na tindo kwenye magoti mpaka nikamaliza kugonga mwenyewe. Alinisaidia kubeba tu. Tukalilaza jiwe letu kwenye shimo la umbo la mtumbwi, likaenea. Ukilitazama hivi, ni lenyewe. Hata mimi macho yangu yalidanganyika.

Jumamosi wakaja. Dada alifika wa kwanza, na mifuko miwili ya saruji nyuma ya bodaboda nyingine inamfuata. Ana miaka mingi kuliko mimi lakini ndiye anatembea mbele ya wote. Alitusalimia, akatutukana kwamba tumekonda kama wagonjwa, akacheka pengo langu kama kawaida yake.

"Bado hujaota lingine? Ng'ombe dume kweli huyo alikuwa na nguvu!"

Halafu akapiga magoti kaburini, ukoo umesimama nyuma yake, saruji imeanza kukorogwa. Akaweka kiganja juu ya jiwe. Akakaa hivyo kidogo. Kisha, jamani, sikuliwaza hilo hata kidogo, akafukua udongo kwa pembeni na vidole, akapitisha mkono chini. Alikuwa anatafuta lile shimo. Upande ulioliwa. Sehemu ambayo mikono yake ilikula pamoja na ya mama tangu utoto.

Niliona uso wake. Chini ya jiwe letu palikuwa bapa, pana alama za tindo.

"Hili siyo," akasema.

Mtu mmoja akacheka akidhani ni utani.

"Nimesema hili siyo jiwe la mama. Jiwe la mama liko wapi?" Hakumwuliza mtu, aliuliza hewani. Koleo la saruji likasimama. "Nyie wawili mmekaa hapa wiki nzima. Jiwe la mama liko wapi?"

Mdogo wangu akawa ameshaingia ndani. Akatoka na kopo la rangi, akaliweka mbele ya magoti ya dada. Dada akatia mkono, akateka, akaacha unga mweusi upite katikati ya vidole. Akarudia. Wanawake wakaanza kulia kabla hawajaambiwa.

"Umelisaga," dada akasema taratibu. "Mama yetu umemsaga."

"Nilidhani ni dhahabu, dada."

"Peke yako?"

Mdogo wangu akanigeukia mimi. Na watu wote wakanigeukia, kwa sababu mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, walikuwa wananingoja nitamke. Lakini mdogo wangu hakuwa anangoja hayo. Alikuwa anangoja maneno mengine, mawili tu: "Tulikuwa wawili." Macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa yananipa nafasi. Kama ningeyasema, wasingeweza kumfukuza, maana mwenye kufukuza naye ni mwizi, mambo yangeishia kwenye faini ya ng'ombe na kutukanwa.

Nilikohoa. Nikatazama ziwa.

Sikutamka kwamba hapa siyo kwenu, na lile la wawili nalo sikulisema. Watu wakasema nina huruma. Mpaka leo kuna wanaosema huyu mzee ana huruma, alishindwa kumtamkia mdogo wake. Wakisema hivyo natamani ardhi inimeze, ndiyo maana nimeandika, mkono wangu mbaya, mtanisamehe.

Mdogo wangu alisubiri kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Kisha akatikisa kichwa, kama mtu aliyezungusha karai lake mpaka mwisho akakuta chini hakuna kitu. Akachukua lile karai ukutani, akalitazama, akalirudisha. Sumaku akaitoa mfukoni akaiweka juu ya kopo, ikashika unga papo hapo, ukasimama. Akavaa kandambili zake. Akapita kwenye mihogo, akapita mwamba bila kuutazama, akashika njia ya barabara ya Bunda.

"We mura!" dada akaita, hasira imeshamwisha. "Mura, hujala!"

Hakugeuka. Alikuwa anatembea kawaida tu, kama mtu anayekwenda kununua kiberiti, na hajarudi mpaka leo.